Kigoma, Mlango wa Ziwa

Wengi wetu tukisikia neno bandari tunafikiria Mombasa, Tanga au Dar es Salaam, mahali penye maji ya chumvi na upepo wa bahari. Safari hii tunapenda kuwapeleka kwenye bandari iliyo mbali na bahari, zaidi ya kilomita 1,200 kwa reli kutoka Dar es Salaam. Ni bandari ya Kigoma, katika Ziwa Tanganyika.

Sisi ni akina mama sita wa kanisa moja mjini Tabora. Wawili kati yetu ni wauguzi, wengine ni walimu na wafanyabiashara wadogo. Tumefika Kigoma mara mbili. Mara ya kwanza ilikuwa Mei 2015, tulipokwenda kusaidia wakimbizi waliokuwa wakivuka kutoka Burundi. Siku zile hatukuuona mji, tuliona wagonjwa tu. Mara ya pili ilikuwa mwaka 2022, tulipoalikwa kwenye kongamano la akina mama. Hapo ndipo tulipopata nafasi ya kutembea, kuuliza na kusikiliza. Ndipo pia tulipozungumza kwa uwazi juu ya kosa moja tulilolifanya ile mara ya kwanza, ambalo kila mmoja wetu alikuwa amelibeba moyoni bila kulisema.

Reli inapoishia

Tuliondoka Tabora usiku kwa treni, na vikapu vyetu vya chapati, mayai ya kuchemsha na chai ya chupa. Urambo na Kaliua tulivipita gizani. Kulipopambazuka tulikuwa tunavuka Mto Malagarasi, mto mpana uliojaa matete pande zote, unaoteremka kumwaga maji yake ziwani. Kisha tukafika Uvinza, mji wa chumvi, ambako watoto walitujia madirishani na vifurushi vyao. Mbele kidogo ni Lugufu. Mmoja wetu alituonyesha porini na kusema kwamba hapo palikuwa na kambi kubwa ya wakimbizi wa Kongo. Tulitazama, tukaona miti na nyasi tu.

Reli hii ilifika Kigoma mwaka 1914, wakati wa utawala wa Wajerumani, na jengo la stesheni la wakati ule bado limesimama. Ukitoka mlangoni unaliona ziwa chini yako. Reli, stesheni, gati na maji vimekaa pamoja kama vyumba vya nyumba moja. Mkononi mwako wa kushoto, kilomita chache kusini, ni Ujiji, bandari ya kale zaidi, ambayo kabla ya reli ilipokea misafara ya pembe na, kwa huzuni, misafara ya watumwa.

Ziwa lenyewe ni refu na jembamba, na kina chake kinafikia mita 1,470 hivi. Duniani ni Ziwa Baikal la Urusi tu linalolizidi kwa kina. Nchi nne zinalizunguka: Tanzania, Burundi, Kongo na Zambia. Kaskazini kuna bandari ya Bujumbura, magharibi Uvira, Baraka, Kalemie na Moba, na kusini kabisa Mpulungu. Shehena inayoshushwa kwenye behewa hapa Kigoma hupakiwa melini na kuvushwa upande wa pili, na kutoka Kalemie kuna reli nyingine inayoingia ndani ya Kongo. Kwa hiyo gati hili si la watu wa Kigoma peke yao. Mama aliye Uvira akitaka sabuni, chumvi, saruji ya kumalizia nyumba au unga wa uji wa mtoto, mara nyingi vitu hivyo vimepita mikononi mwa kuli wa hapa.

Mlango ukifungwa

Mwenyeji wetu alikuwa mama mmoja wa makamo, mjane, ambaye marehemu mumewe alikuwa kuli bandarini kwa miaka mingi. Jioni ya kwanza alitupikia ugali wa muhogo kwa migebuka na mboga iliyoungwa kwa mawese. Tulipomsifu kwa wingi wa chakula, alicheka akasema, "Kuleni, wanangu. Iko miaka jiko hili lilikuwa na majivu tu."

Tukamwomba atusimulie, naye akasimulia. Oktoba 1993 Rais Melchior Ndadaye wa Burundi aliuawa, na vita ikaanza nchini mwake. Julai 1996 jeshi la Burundi lilitwaa madaraka, na nchi jirani, Tanzania ikiwemo, zikaiwekea vikwazo vya biashara ili kuwalazimisha wakubwa wake kukaa mezani. Vikwazo hivyo vilidumu mpaka Januari 1999. Wakubwa walikuwa na sababu zao, nasi hatuwahukumu. Lakini shehena ya kawaida ya kwenda Bujumbura ilikoma, na kuli hulipwa kwa mzigo aliobeba. Pasipo mzigo hakuna posho.

"Baba watoto alikuwa akienda asubuhi, anarudi saa nne," alisema. "Akifika hasemi kitu, anakaa chini ya mwembe. Nami sikumwuliza. Mke anajua."

Alianza kukaanga mihogo na kuuza karibu na stesheni. Fedha hazikutosha kusomesha watoto wawili. Ikabidi mmoja asimame shule. "Wa kike ndiye niliyemtoa," alisema, akatazama chini. "Alikuwa ndiye mwenye akili zaidi." Tulinyamaza wote. Kila mwanamke pale mezani alijua uzito wa neno lile.

Kisha akatueleza jambo ambalo hatukulitegemea. Oktoba 1996 vita ilianza upande wa Kongo, wakati ule ikiitwa Zaire, na mji wa Uvira ukatekwa. Watu walivuka ziwa kwa maboti na mitumbwi, wakafika Kigoma wakiwa wamelowa na hawana kitu. Kambi zikafunguliwa, Nyarugusu na baadaye Lugufu. Wakimbizi wanahitaji chakula, na chakula cha msaada kilikuja kwa reli. Mabehewa ya mahindi na maharage yakaanza kufika, na makuli wakaitwa kazini.

"Vita ya kwanza ilitunyima kazi, vita ya pili ikatupa kazi," alisema mama yule. "Nilikuwa nikisonga ugali huku nikijua unga huu umenunuliwa kwa machozi ya mwanamke mwingine. Ningefanya nini? Watoto walikuwa na njaa."

Tunaliandika jambo hili kwa sababu mara nyingi tunasikia habari za vita kama habari za askari na mipaka. Katika mji wa bandari vita huingia jikoni. Humfukuza mmoja na kumlisha mwingine, na wote wawili hawakuitaka.

Mwaka 1997, baada ya vita ya kwanza ya Kongo kwisha, meli ya Liemba ilirudisha kwao wakimbizi zaidi ya 75,000 kutoka Kigoma. Watu walipanda wakiimba. Agosti 1998 vita ya pili ilizuka, na wengi wakavuka tena. Ilipofika Oktoba 2005, baada ya mapatano, safari za kurudi kwa hiari zilianza tena, meli ikitoka Kigoma kwenda Baraka. Mwenyeji wetu alisema watoto wake walikua wakihesabu meli: hii ya kuja, hii ya kwenda.

Kagunga, Mei 2015

Sasa tuwaeleze juu ya safari yetu ya kwanza. Aprili 2015 ilitangazwa nchini Burundi kwamba Rais Pierre Nkurunziza angegombea muhula wa tatu. Yakaja maandamano, risasi na hofu, na watu wakaanza kukimbia. Wengi walikimbilia Kagunga, kijiji cha wavuvi cha Tanzania kilicho karibu kabisa na mpaka. Kijiji hicho kimebanwa kati ya mlima na maji, na wakati ule hapakuwa na barabara ya gari ya kuwatoa watu. Kufikia katikati ya Mei, watu wapatao 50,000 walikuwa wamerundikana kwenye ufuko ule mwembamba. Walikunywa maji ya ziwa lile lile waliloogea na ambalo hawakuwa na jinsi ila kulichafua.

Ninyi mlio akina mama mnaweza kubashiri kilichofuata. Kipindupindu kilizuka. Kabla ya Mei kwisha, wagonjwa wapatao 3,000 walikuwa wamehesabiwa, na watu zaidi ya 30 walikuwa wamefariki dunia.

Njia ya kuwatoa ilikuwa moja tu, maji. Na meli kubwa iliyokuwepo ilikuwa Liemba, ambayo wakati huo ilikuwa imetimiza miaka 100 tangu iliposhushwa majini. Ilichukua watu wapatao 600 kwa safari. Ikifika Kigoma, watu walipelekwa kwanza uwanja wa mpira wa Lake Tanganyika, wakapimwa na kulishwa, kisha mabasi yakawapeleka Nyarugusu.

Tuliwekwa kwanza bandarini Kigoma, kuwapokea wanaoshuka. Kazi yetu ilikuwa kunawisha mikono kwa maji yenye klorini, kutenga walioanza kuharisha, na kunywesha maji ya chumvi na sukari. Tuwakumbushe hapa, kwa maana hakuna nyumba isiyohitaji maarifa haya. Pakiti za dawa ya kurudisha maji mwilini ndizo bora. Zisipokuwepo, chukua lita moja ya maji safi yaliyochemshwa na kupoa, tia vijiko 6 vya chai vya sukari vilivyosawazishwa, na nusu kijiko cha chai cha chumvi. Koroga mpaka viyeyuke. Mpe mgonjwa kidogo kidogo, bila kuchoka, hata akitapika. Mtoto anyonyaye aendelee kunyonya. Kisha mpeleke kituo cha afya bila kukawia, kwa sababu kipindupindu kinaweza kuua kwa muda wa saa chache, na mgonjwa aliyelegea anahitaji maji ya mshipani.

Siku ya tatu tuliombwa kupanda meli kwenda Kagunga, ili tuwasaidie akina mama wajawazito na watoto wakati wa kupakia. Wakati ule Kagunga hapakuwa na gati. Meli ilisimama majini, na maboti ya mbao yaliwaleta watu mpaka ubavuni. Pale palikuwa na mlango, na mabaharia waliwavuta watu mmoja mmoja kwa mikono. Boti linapanda na kushuka kwa mawimbi. Mtu akikosea hatua anaweza kubanwa au kuzama. Tulikuwa tumesimama mlangoni tukipokea watoto, na tulipewa agizo kwamba mizigo mikubwa ibaki, maana nafasi ya mzigo mmoja ni nafasi ya mtu.

Akaja mama mmoja, kijana bado, mtoto wa miezi kama minane mgongoni na kifurushi kizito kifuani. Tulimpokea mtoto. Kifurushi hakutaka kukiachia. Tulipokigusa tukasikia chuma. Ndani ya kitenge na nailoni kulikuwa na kichwa cha cherehani.

Hapa ndipo tulipokosea. Hatukusema kwa upole. Tulikuwa tumechoka, hatujalala, na tulikuwa tumemfunika mtoto mmoja asubuhi ile ile. Tulimpigia kelele. Tulimwambia, "Mama, okoa mtoto, acha chuma! Watu wanakufa hapa, wewe unahangaika na cherehani?"

Alitutazama. Alikuwa ametoka Rumonge, na Kiswahili chake kilikuwa kizuri. Alijibu bila hasira, "Muganga, mashini hii ikibaki, kesho mtoto atakula nini?"

Hatukuwa na jibu, lakini bado tulinyoosha mkono kukichukua kile kifurushi tukirudishe botini. Baharia mmoja mzee, aliyekuwa amesimama nyuma yetu, akatutangulia. Alikipokea yeye, akakiweka chini ya ngazi, akamvuta mama ndani. Kisha akatuambia kwa sauti ya chini, "Sista, mwacheni. Hata meli hii ilipakwa mafuta hivyo hivyo."

Hatukumwelewa. Lakini baadaye, wakati meli inarudi Kigoma na jua linazama upande wa milima ya Kongo, yule mama alikifungua kile kifurushi ili kukitazama. Chuma chote kilikuwa kimepakwa mafuta mazito ya mgando, yale tunayowapaka watoto wetu baada ya kuoga. Alikuwa amekipaka kila tundu kabla ya kutoka nyumbani kwake, ili maji ya ziwa yasikitie kutu.

Meli iliyongoja chini ya maji

Usiku ule bandarini tulimfuata yule mzee na kumwuliza maana ya maneno yake. Alitusimulia habari ya Liemba. Wenyeji wa Kigoma wote wanaijua, lakini kwetu ilikuwa mpya.

Meli hii ilijengwa Papenburg, Ujerumani, mwaka 1913, ikaitwa Graf von Götzen. Haikuweza kuja Kigoma kwa maji, kwa hiyo ilifunguliwa vipande vipande, ikatiwa katika masanduku yapatayo 5,000, ikaletwa Dar es Salaam, kisha kwa reli mpaka huku. Hapa Kigoma iliunganishwa upya, na Februari 1915 ikashushwa majini. Urefu wake ni mita 70 na zaidi. Vita Kuu ya Kwanza ilikuwa imeshaanza, kwa hiyo kazi yake ya mwanzo haikuwa kubeba abiria na mihogo, bali askari na mzinga.

Vita ilipowaelemea Wajerumani ziwani, na majeshi ya Wabelgiji kukaribia Kigoma, Wajerumani waliamua meli isiangukie mikononi mwa adui. Tarehe 26 Julai 1916 waliizamisha karibu na mdomo wa Mto Malagarasi, mto ule ule tuliouvuka kwa treni. Lakini mafundi walioiunganisha hawakuizamisha ovyo. Kwanza waliipaka mitambo yake mafuta mazito, kwa matumaini kwamba ipo siku itainuliwa.

Hawakuwa wao walioinua. Baada ya vita Wabelgiji waliiopoa, lakini ikazama tena Kigoma. Mwaka 1924 Waingereza waliinua mara ya pili. Walipoifungua, waliikuta mitambo bado inafaa kutengenezwa. Mwaka 1927 ikaanza kazi tena kwa jina la Liemba, ambalo ni jina la kale la upande wa kusini wa ziwa hili. Wazungu waliopigana kwa ajili yake walikwisha kwenda zao, na meli ikabaki kubeba wachuuzi, maharusi, wagonjwa, mananasi na dagaa wakavu kati ya Kigoma, vijiji vya pwani na Mpulungu.

Yule mzee alimaliza kwa kusema, "Aliyeipaka mafuta alikuwa ameshindwa vita siku ile. Lakini hakusahau kwamba kuna kesho."

Tulirudi mahali tulipolala, na hakuna aliyesema neno. Tulikuwa tumefundishwa kuokoa pumzi, na hilo ni jema, ndilo la kwanza. Lakini yule mama alikuwa akiokoa pumzi na kesho kwa pamoja, nasi tulikuwa karibu kumnyang'anya kesho yake na kuitupa ziwani, tena tukijiona tunamtendea wema. Asubuhi tulikwenda uwanjani kumtafuta ili tumwombe radhi. Mabasi ya alfajiri yalikuwa yameondoka. Hatukumwona tena.

Kibirizi

Tulipokuwa Kigoma mwaka 2022, mwenyeji wetu alitupeleka kwanza kuitazama Liemba. Ilikuwa imefungwa gatini, haisafiri, rangi imebabuka, inangoja matengenezo. Tulihuzunika kidogo, kama unavyohuzunika kumkuta mkunga wako wa zamani amekaa barazani na fimbo. Mwaka uliofuata tulifurahi kusikia kwamba mkataba wa kuikarabati umetiwa saini. Imekwisha kuzama mara mbili na kuinuka mara mbili. Haitashindwa na kutu ya miaka michache.

Kisha tukaenda Kibirizi, kaskazini kidogo ya mji. Kama bandari kuu ni mlango wa mbele, Kibirizi ni mlango wa jikoni, na wenye mlango wa jikoni ni wanawake. Maboti marefu ya mbao yenye injini yalikuwa yamepangwa ufukoni. Makuli walipita kwenye ubao mwembamba na mifuko ya saruji, unga, mchele na mabeseni ya plastiki kwenda upande wa Kongo. Mengine yalikuwa yameleta vitenge na madumu ya mawese. Palikuwa na kelele, harufu ya dagaa na dizeli, na watoto wakicheza katikati ya kamba.

Tulikaa kwenye benchi la mama lishe na kuzungumza na mchuuzi mmoja kutoka Uvira. Alituambia kwamba alianza biashara baada ya vita na dumu moja la mawese la lita 20, ambalo alikopeshwa na mwanamke wa Kigoma asiyemjua. "Aliniambia nirudishe nikiweza. Nilirudisha baada ya miezi mitatu. Tangu hapo tunaitana dada." Tulimwuliza kama haogopi vita kurudi. Akasema, "Inarudi, inaondoka. Mie nahesabu madumu."

Maneno yake yalitufungua macho. Tulidhani bandari hufufuliwa na wakubwa, kwa mikataba, winchi na saruji. Ni kweli, hayo ni ya lazima, wala dumu la lita 20 haliwezi kufanya kazi ya meli. Lakini kabla ya winchi kuletwa, na kabla ya mkataba kutiwa saini, kulikuwa na mwanamke aliyemkopesha mwanamke wa nchi jirani dumu la mawese. Pengine kabla hata ya wanaume kuacha kupigana, wanawake walikuwa wameshaanza kuuziana chumvi.

Kama wauguzi hatukukosa kuona kasoro, nasi tuliwaambia. Maboti mengine yalijazwa kupita kiasi, na wengi hawakuvaa maboya. Ziwa hili hubadilika ghafla wakati wa upepo mkali wa kusi, miezi ya kiangazi. Mama unayesafiri na mtoto, dai boya lake na lako kabla hujakanyaga ubao. Boti likijaa, ngoja jingine. Kuchelewa sokoni si msiba.

Tulipokuwa tukiondoka, mwenyeji wetu alimwita mwanamke aliyekuwa akipima dagaa kwa kopo, akatuambia, "Huyu ndiye binti yangu." Alikuwa yule aliyetolewa shule miaka ile ya vikwazo. Ni mama sasa, mwenye mabinti watatu. Alitusalimu kwa heshima, akatupimia dagaa na kutuongeza konzi mbili za bure. Wote watatu wanasoma, alisema, na mkubwa anataka kuwa nesi.

Njiani kurudi mama yule alituambia neno tunalopenda kuwaachia. "Nilipomtoa shule nilikuwa na haraka. Daftari zake niliziuzia karanga. Sikumwambia kwamba atarudi. Nilipaswa kumwambia atarudi, hata kama sikujua kwa njia gani. Angalau nimtunzie daftari."

Tukamsimulia habari ya mama wa Rumonge na cherehani yake. Alisikiliza mpaka mwisho, akatikisa kichwa, akasema, "Yule alinizidi."

Tunachokiweka akiba

Wasomaji wapenzi, si lazima vita ije ndipo nyumba izame. Mume anaweza kuachishwa kazi, ugonjwa unaweza kuingia, mvua inaweza kukataa. Siku hiyo ikifika mtalazimika kusimamisha mambo fulani, nanyi hamtakuwa na makosa. Swali ni namna mnavyoyasimamisha.

Kama mtoto lazima apumzike shule, mtunzieni daftari na sare yake, na mwambieni mbele ya ndugu zake kwamba atarudi. Kama biashara inafungwa, msiuze mizani na sufuria kubwa mapema. Vipakeni mafuta, vifungeni, viwekeni darini. Vyeti vya kuzaliwa, kadi za kliniki na vyeti vya shule viwekeni ndani ya mfuko wa nailoni mmoja, mahali ambapo kila mtu mzima wa nyumba anapajua, ili hata mkitoka usiku mtoke navyo. Tuliwaona Kagunga akina mama waliokuwa na kadi ya chanjo ya mtoto kifuani, na kazi yetu ikawa rahisi mara mbili.

Na ninyi mnaotoa msaada, kanisani au mtaani, msiharakishe kumwambia mwenye shida kitu cha kuacha. Mwulizeni kwanza kwa nini amekishika. Huenda hicho mnachokiona chuma ndicho kitakachomlisha mtoto wake siku mtakapokuwa mmekwisha kurudi makwenu.

Tuliporudi Tabora, kikundi chetu kilinunua cherehani moja iliyotumika, tukaiweka kwenye chumba cha akina mama kanisani. Anayeanza upya huazimwa kwa miezi sita, kisha humpisha mwingine. Mpaka leo wanawake wanne wameitumia. Kila inaporudishwa, kabla ya kutolewa tena, tunaipaka mafuta.